Bweni, Kutwa au Kusubiri Matokeo: Wapi pa Kuwakutanisha Wasichana Wawili Wasioendana

Riwaya nyingi za vijana zinazohusu wasichana wawili wasioendana hukwama mahali pamoja. Tofauti hazikosekani: mmoja wa ushuani, mwenzake wa uswahilini; mmoja kanisani, mwenzake madrasa. Kinachokosekana ni sababu ya wao kuonana tena kesho. Wakigombana sura ya nne, msomaji wa miaka 15 anauliza swali la haki kabisa: kwani si kila mmoja aende zake? Mwandishi asiye na jibu hukimbilia bahati. Wanagongana dukani, kisha hospitalini, kisha kwenye harusi ya mtu. Bahati ya kwanza inasameheka. Ya tatu inafungisha kitabu.

Jibu la swali hilo huwezi kulitoa kwa tabia za wahusika, hata uwape ukarimu wa namna gani. Linatoka kwenye mahali. Kwa hadithi ya Moshi au Arusha mahali penye nguvu ya kuwarudisha pamoja ni patatu: bweni, shule ya kutwa, na ile miezi ya kukaa nyumbani kusubiri matokeo ya kidato cha nne. Kila mahali panakupa kitu bure na kukutoza kingine.

Tupapime kwa jozi moja. Manka baba yake ni daktari hospitali ya KCMC, wanaishi Shantytown, asili yao Kibosho, na shule ya msingi alisoma ya Kiingereza. Mwanaidi ni wa Pasua, mama yake anauza nyanya na vitunguu soko la Mbuyuni, na yeye ni zao la kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali. (Kibosho hapa si pambo. Mtu wa Kibosho au Rombo msomaji wa Moshi atamtegemea awe Mkatoliki. Wa Machame atamdhania wa KKKT, yaani Mlutheri. Ukimfanya Manka wa Machame halafu ukampeleka misa ya Jumatano ya Majivu bila maelezo, barua ya kwanza utakayopokea itahusu hilo.)

Bweni

Bweni linakupa kukutana bure. Toka kengele ya alfajiri mpaka taa zinapozimwa usiku, hawa wawili hawana pa kukimbilia. Hata wakinuniana wiki nzima, anayelala juu ya dabo deka atashuka kwa kukanyaga kitanda cha anayelala chini. Kuna foleni ya maji, zamu ya kudeki, meza ya bwalo, prepo. Ugomvi hapa haumalizi hadithi, unaiongezea kuni.

Unachotozwa ni nyumbani. Kule Pasua na Shantytown msomaji hafiki, anasimuliwa tu. Mbaya zaidi, bweni linafuta tabaka machoni: sare moja, nywele zimenyolewa wote, makande yaleyale Jumanne. Mwandishi asipokuwa mwangalifu, tajiri na maskini wanakuwa mapacha kufikia ukurasa wa 40, na hakuna tena kisichotarajiwa katika urafiki wao.

Dawa yake ni tranka. Andika orodha ya vilivyomo kwenye tranka la kila mmoja siku ya kwanza, kitu kwa kitu, kabla hujaandika sura yoyote. La Manka: maziwa ya unga, siagi ya karanga, pakiti za taulo za kike za muhula mzima, ndala mbili, kufuli jipya lenye funguo mbili. La Mwanaidi: mche wa sabuni uliokatwa vipande ili uhesabike, karanga za kukaanga kwenye mfuko, kanga mbili, ndala moja, kufuli la zamani lenye ufunguo mmoja. Kisha vipunguze wiki kwa wiki. Wiki ya tano sabuni ya Mwanaidi inaisha, na hapo hapo una tukio: ataomba, atachukua, au ataoga kwa maji matupu? Ukijua kilichobaki kwenye tranka unajua kila mtu anaweza kufanya nini wiki hiyo, na hulazimiki kubuni msiba.

Siku ya wazazi kutembelea inafanya kazi hiyohiyo kwa saa chache. Hotipoti za pilau zinafunguliwa chini ya miti, na wasio na mgeni wanajidai wana nguo za kufua. Tukio hili limeandikwa sana. Likiandikwa tena, lipate mgeuko. Mama Mwanaidi ndiye aje, amefunga soko siku nzima, na wa Manka ndio wasitokee.

Makosa ya bweni yanajirudia. La kwanza ni umati: bweni lina wasichana arobaini na mwandishi anawapa majina kumi na wawili. Watano wanatosha: wale wawili, kiranja mmoja, matroni, na mmoja ambaye urafiki huu unamnyima kitu. Huyo wa tano ndiye muhimu, kwa sababu bila yeye upinzani wote utatoka kwa watu wazima, na vijana hawaamini hilo. La pili ni siri. Wawili hawawezi kunong'ona kitandani wenzao 38 wasisikie. Chagua sehemu mbili za faragha (kwenye kamba za nguo saa ya mapumziko, bombani usiku) na zirudie. Msomaji akizizoea, siku mmoja asipotokea pale hutahitaji kueleza kitu. Simu ni marufuku shuleni, kwa hiyo vikaratasi ndani ya daftari vina nafasi, na karatasi inaweza kuangukia mikononi mwa mtu, jambo ambalo ujumbe wa simu yenye nywila haulifanyi kirahisi.

Kosa la tatu ndilo linalowashika wengi: wamefikaje bweni moja? Bweni la binafsi mama wa Mbuyuni haliwezi. Mabweni ya serikali kwa kidato cha kwanza ni machache, na yale ya wasichana wa vipaji maalumu, kama Kilakala na Msalato, yako Morogoro na Dodoma. Unaweza kuleta mfadhili, lakini mfadhili huja na harufu ya hisani tangu ukurasa wa kwanza. Njia safi ni kidato cha tano. Hapo serikali inawapanga wanafunzi kutoka nchi nzima, na shule za wasichana za Kilimanjaro kama Weruweru, Machame na Ashira zinapokea watu wasiowahi kuuona mlima. Basi mtoe Mwanaidi Pasua, mfanye wa Lindi. Anaripoti Julai, Marangu, mlima umejifunika mawingu na baridi inauma, naye ana sweta moja nyepesi la sare. Hapa tofauti haihitaji kutangazwa. Ila kumbuka umri umepanda: sasa wana 17 au 18, na mambo yao ni tahasusi, chuo, na mtu anayewasubiri mtaani, siyo kumwogopa dada mkuu.

Na wasioendana si lazima wawe wa dini mbili. Mrombo na Mmachame, wote wakiitwa Wachaga, wakiongea lugha za kwao hawasikilizani vizuri. Itabidi warudi kwenye Kiswahili. Sijui kwa nini jozi hii haitumiwi zaidi.

Ukibaki na dini, tumia kalenda. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na mwaka 2025 na 2026 ilianza karibu siku moja na Kwaresima. Mkatoliki wa Kibosho na Mwislamu wa Lindi wanafunga kwa wakati mmoja, kwa kanuni mbili tofauti, jiko ni moja. Mmoja anaamka daku. Mwingine Ijumaa hagusi nyama, ingawa bwaloni nyama yenyewe ni ya kusikia. Hadithi ikiwekwa mwaka 2019, Ramadhani iko Mei na Pasaka imeshapita. Angalia kabla ya kuandika.

Kutwa

Hapa hesabu inageuka. Nyumbani kuwili unapewa bure, mkutano unaununua.

Shule inaanza saa moja na nusu asubuhi na kutoka saa nane au tisa mchana. Ndani yake kuna vipindi vya dakika 40 ambavyo hawaruhusiwi kuongea. Ukijumlisha, muda wao halisi ni mapumziko na njia, na katika riwaya ya kutwa njia ndiyo kila kitu. Chora ramani. Shantytown iko kaskazini ya mji upande wa KCMC. Pasua iko kusini. Yaani wakitoka shuleni wanaweza kutembea pamoja mpaka stendi, na pale kila mmoja anapanda gari la upande wake. Dakika ishirini, labda ishirini na tano wakijikokota. Hiyo ndiyo nafasi yako, kila siku ya wiki, miaka minne. Manka akichukuliwa na gari la nyumbani huna hata hizo, kwa hiyo gari hilo liondoe mapema na kwa sababu ya kudumu: limeuzwa, au baba kahamishiwa Mwanza nalo. Gari likiharibika tu, fundi atalitengeneza na msomaji anajua.

Kituoni pana mvutano mwingine usiogharimu kitu. Mwanafunzi analipa nauli ndogo kuliko mtu mzima, ndiyo maana konda humpita kama hamwoni mpaka abiria wazima waishe. Manka amezoea kusubiri kwa adabu. Mwanaidi anajua konda yupi wa kumwita kwa jina la mama yake.

Tofauti kubwa kuliko zote, na inayotumika kidogo mno, ni lugha ya darasani. Kayumba wanafundishwa kwa Kiswahili darasa la kwanza hadi la saba. Kidato cha kwanza masomo karibu yote yanakuwa ya Kiingereza, isipokuwa machache kama Kiswahili chenyewe. Mwanaidi aliyekuwa wa kwanza shule ya msingi anakuwa bubu kwa usiku mmoja, na Manka aliyekuwa wa kumi na tano anaonekana ana akili. Wote wawili wanajua kwamba si kweli. Hicho ni kiini cha riwaya nzima na hakihitaji ajali wala ugonjwa.

Lakini hapo ndipo waandishi wanapojikwaa. Manka anampa Kiingereza. Mwanaidi anampa nini? Jibu la haraka ni "kumfundisha maisha", na ni jibu baya, kwa sababu maskini anageuzwa mwalimu wa tajiri bila mshahara. Tafuta kitu kinachopimika. Mwanaidi amekua akihesabu: tenga la nyanya limenunuliwa kiasi gani, limetoa mafungu mangapi, mangapi yameoza, chenji ya elfu kumi, deni la mama fulani toka Jumatatu. Hesabu za kichwa anamshinda Manka mbali. Na insha ya Kiswahili: mtoto wa shule ya Kiingereza mara nyingi ngeli zinamsumbua, methali anazikariri bila kujua pa kuziweka. Basi wanabadilishana bidhaa mbili zenye bei inayokaribiana, na kila mmoja anaweza kumnyima mwenzake wakikosana.

Njia ya kuhakikisha mizani haijalala: fungua daftari la madeni pembeni ya mswada. Safu mbili, moja ya kila msichana. Kila mmoja akipewa kitu na mwenzake (muda, siri, penseli, uongo kwa mwalimu) kiandike. Ukifika katikati ya kitabu, kila safu iwe na deni moja lisilolipika kwa pesa, na kila msichana awe ameomba mara moja na kukataliwa mara moja. Safu ya Mwanaidi ikijaa na ya Manka ikiwa tupu, umeandika hadithi ya mfadhili.

Wakati wa hadithi unabana zaidi kwenye kutwa, kwa sababu pesa za nyumbani zinaonekana. Kabla ya Januari 2016 ada ya sekondari ya serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa kutwa na 70,000 kwa bweni, na tukio la kurudishwa nyumbani kwa ada lilikuwa la kweli. Baada ya hapo ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa, na ya cha tano na cha sita mwaka 2022. Hadithi ya leo inayomrudisha Mwanaidi nyumbani kwa ada imepitwa. Kinachombana ni sare, viatu, nauli na mchango wa chakula. Vivyo hivyo mimba: hadi Novemba 2021 msichana aliyejifungua hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali kwenye mfumo rasmi, sasa anaruhusiwa. Zamani mimba ilikuwa mlango unaofungwa. Leo swali la hadithi ni nani atakaa naye dawati moja akirudi, na kwa riwaya ya urafiki hilo ni swali zuri zaidi.

Desemba usiiache ipite. Familia ya Manka inapanda Kibosho, ndugu wa Dar wanarudi, mbuzi anachinjwa, migomba imezunguka nyumba. Mwezi huohuo soko linachemka na mama Mwanaidi hafungi mpaka giza. Manka anamkaribisha mwenzake kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, siku ambayo mwenzake hawezi kabisa kutoka, na mwaliko wa upendo unageuka tusi. Hakuna mwenye kosa.

Moshi au Arusha? Manispaa ya Moshi sensa ya 2022 iliikuta na watu kama 220,000, Jiji la Arusha zaidi ya 600,000. Moshi shangazi atawaona stendi na habari itafika nyumbani kabla yao; siri inadumu sura moja. Arusha mtoto wa Njiro na wa Unga Limited wanaweza kufichana mwaka mzima. Arusha pia inakupa jozi ambazo Moshi ingezitafuta kwa tochi: binti wa mfanyakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki aliyetoka Bujumbura au Kampala, binti wa mchimbaji wa tanzanite wa Mererani, Mmaasai wa Longido aliyepanga chumba Ngarenaro. Hadithi yako ikisimama juu ya kuficha, nenda Arusha.

Kusubiri matokeo

Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, matokeo hutoka Januari, kidato cha tano kinaanza Julai. Miezi saba hivi, hakuna sare, hakuna kengele, na wazazi wanataka usikae bure. Mmoja anaanza kozi ya kompyuta, mwingine saluni, wengi dukani au sokoni.

Hapa ndipo soko linapofaa. Ukimpeleka Manka wa kidato cha pili Mbuyuni utahangaika kueleza anatafuta nini. Akiwa anasubiri matokeo, shangazi yake ana kibanda cha mitumba Kiboriloni na anahitaji msaidizi. Kibanda cha pili ni cha binamu wa Mwanaidi. Wanaonana kila siku kwa sababu wanatafuta wateja walewale. Ushindani unawabana kuliko dabo deka.

Hatari ni utalii wa sokoni: kurasa tatu za harufu, kelele na rangi. Weka namba badala yake. Balo (furushi la mitumba) limefunguliwa, vipande vingapi vya daraja la kwanza, vingapi vya kupigia deki, vya juu vinauzwa lini na vya fungu lini. Manka aingize hasara ya kweli kwa kosa lake mwenyewe, kwa mfano kuachia nguo nzuri asubuhi kwa bei ya jioni, na ailipe.

Faida nyingine ni kwamba bomu limetegwa tayari. Januari matokeo yatatoka na yatawatenganisha kwa herufi na namba. Yaweke katikati ya kitabu, siyo mwisho, maana matokeo yanayofunga riwaya yanafanya kazi iliyopaswa kufanywa na wasichana wenyewe. Udhaifu ni ufinyu: miezi saba inabeba riwaya fupi, maneno 25,000 hadi 30,000, wakati kutwa inaweza kubeba 45,000 bila kuchoka.

Nani asimulie

Kiswahili kina mtego wake hapa. Wasichana wawili katika tukio moja, nafsi ya tatu, na sentensi kama "alimwambia amrudishie daftari lake kwa sababu alikuwa amemwahidi" inaweza kusomeka kwa njia kadhaa. Nani alimwambia nani? Daftari la nani? Ukirudia majina kila sentensi unachosha. "Huyu" na "yule" zinasaidia kwa aya moja, "mwenzake" kwa mbili. Nafsi ya kwanza inaondoa tatizo lote, kwa sababu mmoja ni "ni-" na mwingine "a-". Kwa mwandishi wa kitabu cha kwanza sababu hiyo peke yake inatosha.

Ukichagua msimulizi mmoja, usimpe nafasi yule mwenye uchungu mwingi zaidi. Mpe yule anayemdhania mwenzake vibaya zaidi. Kwenye kutwa mara nyingi ni Mwanaidi, anayeamini kwamba Manka hajawahi kukosa kitu. Kwenye kusubiri matokeo ni Manka, anayeamini kwamba soko ni kazi rahisi ya kungoja matokeo.

Sauti mbili za kupokezana zinafaa kutwa na haziifai bweni. Kutwa kila mmoja anarudi kwake na kuona ambalo mwenzake halioni, hivyo sura ya pili inaleta habari mpya. Bweni wameshuhudia jambo lilelile, na msomaji analisoma mara mbili. Ukiamua sauti mbili, zitofautishe kwa mambo ambayo kila mmoja anayaona kwanza akiingia chumbani, siyo kwa misimu. Misimu ya mtaani huzeeka haraka. "Chalii" (kijana) wa Arusha anadumu, mengine yatahitaji maelezo kitabu kikifika dukani. Mwanaidi aingie sebuleni kwa Manka, aamkie "shikamoo mama", na jicho lake lihesabu viti. Manka aingie Pasua, aamkie vilevile, na atafute pa kuacha viatu. Urefu wa sura usilingane pia: Mwanaidi ana kazi za jioni, sura zake ziwe fupi, nyingine zikatike pale mama anapomwita.